Nguruwe mwitu niliyempiga risasi yuko kwenye shamba la mtu: je, naruhusiwa kuingia kumchukua?

Mfuatanyayo (mleta mada): Wakuu, naombeni ushauri. Alfajiri ya leo nilimpiga risasi nguruwe mwitu, akakimbia na jeraha, nami nikafuata damu hadi kwenye uzio wa jirani. Leseni ninayo na msimu umefunguliwa. Je, naweza kuvuka kabla nyama haijaharibika?

Wakili wa Barazani: Mkuu, umiliki wa mnyama na ruhusa ya kuingia ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1805 mahakama ya New York, katika kesi ya Pierson na Post iliyohusu mbweha, iliamua kwamba kumfukuza tu mnyama hakumpi mtu umiliki, ingawa kumjeruhi kiasi cha kutoweza kuponyoka kunaweza kutosha. Hata hivyo, hukumu hiyo haimfungulii mtu lango la mwenzake.

Mzee wa Mitego: Mbwa wangu aliwahi kupenya chini ya seng'enge akarudi na kanga mdomoni. Nilimsifu sana, hadi mwenye shamba alipofika akimtaka kanga pamoja na mbwa.

Mama Subira: Nyinyi mnajadili nyama, na kiumbe anateseka porini tangu alfajiri. Asiye na uhakika wa shabaha yake asifyatue.

Jicho Kavu: Mleta mada, ulipofyatua, nguruwe alikuwa amesimama upande gani wa uzio?

Mfuatanyayo: Alikuwa hatua chache tu ndani, lakini mimi nilikuwa upande wangu. Isitoshe, shamba lenyewe halilimwi. Nimeshakubaliana na shemeji tuingie usiku huu, na bunduki tutaibeba kwa usalama tu, kwani nguruwe aliyejeruhiwa hana utani.

Wakili wa Barazani: Sasa hiyo ni kesi nyingine kabisa. Hata Minnesota, jimbo la Marekani ambako mwindaji anaweza kuingia kwa miguu katika ardhi ya kilimo isiyowekewa kibao cha katazo ili amchukue mnyama aliyejeruhiwa, sharti ni kwamba awe alipigwa kihalali, na mwindaji atoke mara moja. Nchini Ujerumani, sheria ya shirikisho inadai makubaliano ya maandishi na jirani mwenye haki ya kuwinda. Ukikutwa usiku na bunduki ndani ya ardhi ya mtu, nani ataamini kwamba wewe si jangili?

Jicho Kavu: Mimi nina shaka na kisa chenyewe. Kama alipigwa akiwa ndani, ile damu uliyoifuata hadi kwenye uzio ilitoka wapi?

Mfuatanyayo: Niliiona kwa darubini ng'ambo ya seng'enge, nikafupisha maelezo. Sina faida yoyote ya kutunga.

Mzee wa Mitego: Kama ametunga, basi angalau nguruwe amepona.

Mama Subira: Mpigie mwenye shamba, umsubiri langoni bila silaha.

Mfuatanyayo: Namba yake ninayo, ila hatusemezani tangu tulipogombania mpaka huo.

Jicho Kavu: Kumbe hata mpaka una mgogoro! Hilo lilistahili kuwa katika sentensi yako ya kwanza. Mpigie afisa wa wanyamapori sasa hivi, umweleze risasi ilimkuta nguruwe wapi, na shemeji abaki nyumbani.