Tupeane uzoefu: gharama za mpira wa magongo kwa watoto wetu, Malindi na Lamu

Ndugu wazazi, walimu na wachezaji wa zamani, hamjambo. Naomba kila mmoja asimulie aliyoyapitia mwenyewe kuhusu gharama za mchezo huu. Nianze mimi, mzazi wa Malindi. Binti yangu alijifunza shuleni kwa gongo la kuazima, akachaguliwa kuingia timu ya mashindano ya muhula wa kwanza, nasi tukafurahi mpaka ilipoletwa orodha ya mahitaji: gongo lake mwenyewe, kinga za miguu na za meno, viatu, na mchango wa nauli na malazi. Bei ya gongo pekee ilikaribia mapato ya wiki nzima ya kibanda changu cha nguo. Nilikopa kwenye chama, nikalipa. Lakini rafiki yake, ambaye kwa maoni yangu alikuwa hodari kumshinda, aliachwa kwa kukosa mchango, na nafasi yake akapewa msichana ambaye wazazi wake walikuwa nazo. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu wa michezo, Malindi:
Pole sana, mama. Mizigo mizito zaidi ni vifaa vya kipa, yaani helmeti, kinga ya kifua, glavu na pedi nene za miguu. Shuleni kwetu tuna seti moja, nayo tumeishona tena na tena kwa uzi wa nyavu za wavuvi. Hata hivyo, kinachotuangusha zaidi ni uwanja. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971, enzi ambazo mchezo ulikuwa wa nyasi za kawaida. Tangu Olimpiki za Montreal za mwaka 1976, mashindano makubwa yamehamia kwenye nyasi bandia, na sisi huku tukisikia uwanja wa namna hiyo tunafikiria City Park, Nairobi. Wanafunzi wangu hufanya mazoezi kwenye mchanga wenye vijiwe, ambako mpira hurukaruka, kwa hiyo wamezoea kuutuliza kwanza ndipo waupige. Kwenye nyasi bandia mpira huteleza chini kwa kasi, na kabla mtoto hajamaliza kuutuliza, mpinzani amekwisha kuunyakua. Kisha watu husema watoto wa Pwani ni wazito, na maneno hayo si ya haki hata kidogo.

Mzazi, Lamu:
Assalam aleykum. Sisi huanza kulipa kabla mpira haujaguswa: mashua hadi Mokowe, kisha basi la kupitia Witu na Garsen, na malazi, kwa kuwa haiwezekani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Zamani kila mtoto alitozwa kiasi kile kile, na watoto wa wavuvi wakawa ndio wa kwanza kujitoa, hasa msimu wa kusi bahari inapochafuka. Sasa tunajumlisha gharama ya timu nzima, kila nyumba inatoa kadiri ya uwezo wake, na mwalimu peke yake ndiye anayejua nani ametoa kiasi gani. Tangu tuanze utaratibu huu, hakuna mtoto aliyeachwa gatini. Magongo ndiyo bado tatizo. Anayejua panapouzwa yaliyotumika, ya inchi 32 hadi 34 kwa watoto wadogo, tafadhali atuelekeze, na aeleze pia nauli ya mzigo hadi Mokowe.