Mrejesho: ile baiskeli ya babu

Wakuu, nilileta picha za baiskeli ya marehemu babu nikiuliza imetoka wapi na ni ya bei gani. Wengi mlisema Phoenix ya Mchina. Hapana.

Nimempelekea fundi mmoja mzee, yeye hata kwenye fremu hakuangalia. Aliinama akatazama gia kubwa ya mbele, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pakatokea vichwa vya korongo vilivyokatwa kwenye chuma. "Raleigh hii, ya Nottingham, Uingereza." Kisha akakwangua grisi kavu kwenye habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu), yakatokea maandishi: Sturmey-Archer AW (jina la mtengenezaji na aina ya habu), 62, 4. Yaani gia tatu, na habu imetengenezwa Aprili 1962. Akanionya kwamba habu hubadilishwa, kwa hiyo mwaka huo ni wa habu. Fremu inaweza kuwa ya mwaka mwingine.

Bei sasa. Wa vyuma chakavu alitaja elfu ishirini (nilicheka). Jamaa mmoja mpenda vya kale kafika laki tatu, ila kiti kingekuwa bado kile cha ngozi angeongeza.

Siuzi. Bi mkubwa kaniambia ndiyo iliyompeleka kujifungua mimi.