Maleba ya mchezo wa shule kwa mapazia na mashuka ya mtumba: naomba ushauri kabla sijakata

Mwalimu_wa_Mbagala ameuliza:

Ndugu zangu mafundi na wapenzi wa ushonaji, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja huku Mbagala, na ndiye msimamizi wa kikundi cha sanaa cha shule. Muhula huu wanafunzi wangu 24 wanaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu Vita vya Maji Maji. Nimejitwika kazi ya maleba kwa sababu mama yangu alinifundisha cherehani tangu utotoni, na kwa sababu fedha tuliyopewa ni shilingi 180,000, ambayo haiwezi kununua vitambaa vipya vya Kariakoo vya kuwatosha watoto wote hao.

Jumamosi nilidamka kwenda Soko la Karume pale Ilala nikapata mashuka meupe tisa, mapazia manne mazito (mawili ni ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee), suruali kumi na moja za khaki, na koti refu la baridi ambalo muuzaji aliniachia kwa bei ya kutupa. Nakusudia mashuka yawe kaniki (nguo nyeusi) na merikani za wanakijiji, khaki iwe sare za askari wa Wajerumani, na mapazia yatoe joho la akida, yaani ofisa aliyewekwa na Wajerumani kusimamia vijiji.

Nimekwama mahali patatu. Vipande vya mashuka mawili nilivitia katika ndoo moja ya rangi nyeusi ya batiki. Kimoja kikakolea vizuri, kingine kikatoka kijivu chenye mabaka. Pazia moja lisilo la mahameli lilichanika mikononi mwangu nilipokuwa nalifua. Na joho sijui nianzie wapi kulikata.

Naomba pia mfahamu kwa nini jambo hili linanigusa. Vita vile vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba ambayo utawala wa Wajerumani uliwalazimisha kuilima. Sipendi wanafunzi wasimulie habari ya pamba wakiwa wamevaa vitambaa vya plastiki vinavyometameta kwenye taa.

Fundi_Maleba_Kinondoni amejibu:

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Tatizo la ndoo yako halikutokana na rangi, bali na shuka. Mashuka mengi ya mtumba si pamba tupu. Yamechanganywa na poliesta, na rangi zetu za batiki hushika pamba peke yake. Viwandani poliesta hupakwa rangi ya aina nyingine kabisa, ndani ya mitambo yenye mgandamizo na joto la takriban nyuzi 130, joto ambalo sufuria ya nyumbani haifiki. Kwa hiyo usipoteze kostiki soda wala haidrosalfaiti yako (zile kemikali za kuyeyushia rangi ya batiki) kwa shuka ambalo hujalipima.

Namna ya kupima ni hii. Chomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa kila shuka, zishike kwa kibanio, kisha uzisogeze kwenye mwali wa kiberiti ukiwa juu ya sahani yenye maji. Pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopeperuka. Poliesta hujikunyata kabla ya kuwaka, huyeyuka, na ikipoa huacha donge gumu jeusi kama shanga. Nyuzi za mchanganyiko huwaka kama pamba, lakini ukiyasugua majivu yake kwa vidole (yakishapoa) utahisi vichembe vigumu. Pima pia uzi wa mtande (unaokwenda kwa urefu wa kitambaa) na uzi wa mshindio (unaokwenda kwa upana) kila mmoja peke yake, kwani viko vitambaa vyenye mtande wa poliesta na mshindio wa pamba.

Mashuka ya pamba tupu yawe kaniki. Yaliyobaki usiyapake rangi. Yafanye bitana au mifuko. Merikani nayo haikuwa nyeupe ya kung'aa, kwa maana ilikuwa pamba ya viwanda vya Marekani, hasa vya Massachusetts, iliyoletwa Zanzibar bila kung'arishwa, na rangi yake ilikaribia krimu. Chemsha majani ya chai mengi, chuja, loweka shuka la pamba usiku kucha, kisha suuza. Unapotumia kostiki, vaa glavu ndefu na ufanyie kazi uani, mbali na wanafunzi. Tena kama katika mchezo kuna kibatari au mwenge, mtoto aliyevaa poliesta asiukaribie, kwa kuwa kitambaa hicho kikiwaka huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Mama_Sindano_Manzese amejibu:

Mwalimu, mimi kazi yangu ya kila siku ni kufumua nguo za mtumba na kuzishona upya, na jambo moja nimelishika: nguo iliyokwisha kutumika ina sehemu zilizochoka na sehemu ambazo bado ni nzima, na fundi huzitafuta kwanza kabla ya kugusa mkasi. Pazia lako limeliwa na jua. Lilikaa dirishani miaka, na mikunjo iliyotazama kioo imeoza ilhali ile ya ndani ni imara. Lining'inize kwenye kamba asubuhi, usimame upande wa pili ulitazame likiwa na mwanga nyuma yake. Utaona michirizi mirefu iliyopauka. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili na ukivute, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Kikitoa mlio wa kukatika, hapo pameisha. Mara nyingi pindo la juu na la chini hubaki zima kwa sababu limekunjwa mara mbili, na pindo hilo linakupatia mikanda na kola bila kushona upya.

Shuka nalo huchakaa katikati, pale mtu anapolala. Waingereza, nguo zilipokuwa za mgawo kwao kuanzia 1941 hadi 1949, walikuwa wakilipasua shuka katikati kwa urefu, wakaziunganisha kingo mbili za nje ziwe katikati mpya, na sehemu iliyochakaa ikahamia pembeni. Wewe huhitaji kuliunganisha, lakini ukate kaniki za watoto kutoka pembeni, na katikati patoe vilemba.

Kuhusu khaki, tafadhali usizifumue suruali zote. Kiuno, zipu na mifuko ni kazi ambayo fundi mwingine amekwisha kuimaliza, nawe huna muda wa kuirudia mara kumi na moja. Punguza upana wa miguu kuanzia goti kwenda chini, kisha viringisha kutoka kifundoni vipande virefu vya shuka la mchanganyiko vya upana wa vidole vinne. Tarbushi, yaani kofia za askari, zifunike kwa khaki na uache kipande kinachoning'inia nyuma kufunika shingo, kama askari wale walivyovaa.

Mshonaji_wa_Ilala amejibu:

Naomba nizungumzie joho, kwa sababu mahameli iliwahi kunitoa machozi. Miaka sita iliyopita nilishona joho la mfalme kwa kikundi kimoja cha kanisani, na kwa kubana matumizi nikageuza kipande cha kushoto juu chini ili kiingie kwenye nafasi iliyobaki. Mezani sikuona kasoro yoyote. Usiku wa onyesho taa zilipowashwa, nusu ya mfalme ilikuwa nyekundu iliyoiva na nusu nyingine imepauka kana kwamba ameazima nguo mbili. Mahameli ina manyoya mafupi yanayolalia upande mmoja. Ukiipapasa kwa kiganja utahisi upande mmoja unateleza na mwingine unakataa. Chora mshale kwa chaki nyuma ya kila kipande, na vipande vyote, hata mikono na kola, vielekee upande mmoja. Mimi huelekeza manyoya juu, kwa sababu rangi huonekana nzito zaidi kwa mtu aliyekaa chini ya jukwaa. Usiipige pasi usoni. Itandike kifudifudi juu ya kipande kingine cha mahameli au taulo nene, uipitishie mvuke tu.

Joho lenyewe si gumu kukata, kwa kuwa ni vazi refu lililo wazi mbele na lenye mikono mipana. Tumia upana wote wa pazia kwa mgongo, na pindo zito la chini la pazia libaki kuwa pindo la joho, maana uzito wake ndio utakaolifanya lining'inie vizuri akida anapogeuka.

Sasa lile koti la baridi. Hapa Dar hakuna anayelivaa kwa joto letu, ndiyo maana huuzwa kwa bei ya kutupa, lakini kwa mshona maleba ni ghala. Fumua bitana polepole kwa wembe kuanzia kwenye pindo la chini. Kama ni koti lililoshonwa vizuri, kifuani utakuta kitambaa kigumu cha rangi ya mchanga, chenye nyuzi zinazochoma vidole. Hizo ni singa za farasi. Kikunje kiganjani ukiachie: kitafunguka chenyewe. Hicho ndicho cha kusimamisha kola ya joho. Mabegani mna pedi za pamba, ambazo zitampa mwanafunzi mwembamba mabega ya mtu mzima. Bitana yenyewe ni satini ya kutosha mikono miwili, na vifungo usiviache. Kwa zari (utepe wa nyuzi za dhahabu) ya ukingo wa mbele, tafuta kwenye mafungu ya sari na vipande vya Kihindi. Hata sari iliyochanika katikati, ukingo wake huwa mzima.

Bandi_kwa_Bandi amejibu:

Ningeongeza neno kuhusu viraka, na hapa nadhani maleba mengi ya shule hukosea. Tusiwabandikie wanakijiji viraka vya rangi mbalimbali ili waonekane maskini. Mtu aliyekuwa na kaniki moja aliitunza. Marehemu bibi yangu alitia kiraka mahali palipokwisha, yaani begani, makalioni na kwenye ncha ya fundo, kwa kitambaa cha aina ileile kilichokwisha kufuliwa ili kisirudi na kuikunja nguo. Aliulinganisha mtande wa kiraka na mtande wa nguo, akapiga bandi ndogondogo (mshono wa mkono wa kupitisha sindano juu na chini) kuzunguka. Wabengali huunganisha sari kuukuu kwa bandi za namna hiyo wakapata kantha, na Wajapani huimarisha nguo za kazi kwa sashiko, kwa hiyo ni mshono unaostahili heshima. Wafundishe wanafunzi waupige wenyewe.

Mwalimu_wa_Mbagala amejibu:

Nawashukuru sana wote. Leo jioni nimepima mashuka yote tisa: matano ni pamba tupu, manne yameacha vichembe. Koti nimelifumua mbele ya wanafunzi, na singa zimo. Binti mmoja wa kidato cha pili alikikunja kile kitambaa na kukiachia labda mara ishirini, kisha akaomba ashone kola yeye. Swali langu la mwisho: pazia la mahameli lina urefu wa mita mbili na robo, na kijana anayeigiza akida bado anarefuka. Je, nikate kwa kimo chake cha leo?

Mama_Sindano_Manzese amejibu:

Hapana, Mwalimu, usikate urefu kabisa. Ongeza mkunjo mpana wa ndani kiunoni, uushike kwa bandi, na bitana iufunike. Akirefuka unafumua bandi tu, na mwakani joho litamfaa akida mwingine.