Wauza mikanda na mafundi wa mashine za kukata majani Nyanda za Juu Kusini, mnatumaliza!!

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa na hasira kabisa na naomba mnisome mpaka mwisho maana najua siko peke yangu, kuanzia Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe mpaka Mbeya tuko wengi tunaokula kwa hizi mashine.

Kazi yangu ni kukata majani kwa mashine ya kukalia. Viwanja vya mpira vya shule, loji, bustani za nyumba za wageni huku Mufindi kwenye mashamba ya chai. Sasa mvua zetu zikishaanza Novemba mpaka Aprili hivi, haya majani ya kikuyu hayamsubiri mtu, unakata leo ukirudi yameshafunika viatu na yana maji mpaka kwenye mizizi. Ndo msimu wa hela huo. Na ndo msimu huohuo mkanda wa visu, ule unaotoa nguvu kwenye injini kuzungusha visu, unaanza kulegea, unapeleka kwa fundi na jibu ni lilelile kila sehemu, "mkanda umeisha bosi, kanunue mwingine". Hajainama, hajashika hata puli moja, kaangalia kwa juu tu mikono mfukoni.

Dalili zenyewe kila anayekata anazijua. Injini inaunguruma vizuri, mashine inatembea, ukivuta mkono wa kuwashia visu inakata fresh mita kadhaa halafu ukiingia tu kwenye majani mazito visu vinapoa, nyuma unaacha michirizi ya majani yamesimama na harufu ya mpira unaoungua inakupanda puani. Mkanda unateleza. Hapo hatubishani. Tunabishana kwenye KWA NINI umelegea, na hilo swali mafundi wetu hawaliulizi kabisa, wanataka hela ya mkanda na ya kuufunga basi.

Haya twende dukani. Muuzaji anauchukua mkanda wako wa zamani, uleule uliovutika na kulika pembeni, anauning'iniza pamoja na mpya, akiona vinalingana anakwambia huu hapa, lipa. Jamani! Mkanda umeletwa dukani kwa sababu UMEREFUKA, halafu huo huo ndo kipimo! Unatoka pale na mkanda mpya ambao una urefu wa mkanda mbovu.

Na hata ukienda na namba bado wanakupiga. Hii sikilizeni vizuri maana ndo inayokula hela za watu wengi. Mikanda ya hizi mashine nyingi inaandikwa 4L au 5L, na namba inayofuata ni urefu wa NJE. 4L700 maana yake inchi 70 ukipima kwa nje, ile sifuri ya mwisho ni sehemu ya kumi ya inchi. Sasa mikanda iliyojaa kwenye maduka yetu ni A na B, na hiyo namba yake ni urefu wa NDANI. A70 ni inchi 70 kwa ndani, ukizungusha futi kwa nje inafika kama 72. Upana wa 4L na A ni nusu inchi wote, kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo muuzaji anasoma 70 kwenye mkanda wako, anaona 70 kwenye wa kwake, anakukabidhi. Umepewa mkanda uliozidi inchi mbili!! Wa kulingana na 4L700 ni A68. Na ukiwa na 5L tofauti ni kama inchi tatu, 5L750 unatafuta B72. Muuzaji wa mikanda anayeishi kwa kuuza mikanda halijui hili, na ukimwambia anakuona unajifanya mjuaji, mmoja Iringa mjini kanijibu "mkanda ni mkanda tu mzee".

Mkanda SIO mkanda tu. Huo wanaotupa ni wa mashine za kusaga, na mi siupondi, kwenye kusaga unafanya kazi nzuri sana, puli mbili zinaangaliana, umekazwa kwa bolti, unazunguka hivohivo siku nzima. Chini ya deki ya mashine ya majani, lile bakuli la chuma linalobeba visu, mambo ni mengine. Kuna puli bapa inayokandamiza mgongo wa mkanda, kwa hiyo unakunjwa mbele unakunjwa nyuma, na kila ukivuta mkono wa visu unateleza kidogo kabla haujashika. Ndo maana mikanda yenyewe ya mashine hizi mingi inatengenezwa na nyuzi za aramidi ndani, zile ambazo wengi wanazijua kwa jina la Kevlar, hazivutiki kirahisi. Huu wa nyuzi za poliesta unaufunga asubuhi, kufika jioni chuma kinachobeba puli ya kukazia, ile inayosukuma mkanda ukaze, kimefika mwisho wa safari yake na mkanda bado unachezacheza. Halafu fundi huyohuyo anarudi kukwambia mkanda umeisha.

Ya kwangu baada ya kubadilishiwa mikanda na kuliwa hela nikaamua kuishusha deki mwenyewe. Nimezima, nimetoa funguo, nimechomoa waya wa plagi (hili msiruke wakuu, visu vile havina huruma), nimeweka deki chini. Nilichokuta kimenifanya nishindwe hata kuongea. Ile pini ambayo chuma cha puli ya kukazia kinageukia ilikuwa imeganda kwa kutu na majani yaliyokauka yakawa magumu kama saruji, springi inavuta lakini chuma hakisogei. Hata ungefunga mkanda wa dhahabu ungelegea tu. Nimekwangua, nimesafisha, nimepaka grisi, kikarudi kucheza. Puli yenyewe ya kukazia ukiizungusha kwa mkono inakwaruza, beringi imekufa, namba 6203, hiyo beringi inatumika hadi kwenye mota za umeme na maduka ya beringi wanayo kibao, bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na mikanda niliyonunulishwa. Na waya wa kuvutia visu ulikuwa umevutika, una nati yake ya kurekebishia pale mwisho, HAIJAWAHI kuguswa, rangi ya kiwandani bado ipo juu yake. Mafundi wote waliopita hapo hakuna aliyeishika.

Kingine ambacho nimekuta kwa jamaa yangu wa Mafinga, fundi alipitisha mkanda nje ya vile vyuma vidogo vya kuuzuia usiruke, halafu jamaa akaambiwa mkanda unaruka kwa sababu umelegea. Na mwingine puli imelika mpaka mkanda unakaa kwenye sakafu ya mfereji, ukimulika chini kunang'aa kabisa. Mkanda wa V, ndo hii yetu yote, unashika kwa mbavu zake, ukigusa chini tayari unateleza hata ukaze vipi. Hapo ni kubadilisha puli, au umepewa mkanda mwembamba kwenye puli ya mkanda mpana.

Sasa lililonifanya nifungue huu uzi ndo hili. Mashine za kuwashia visu kwa mkono, ukirudisha mkono mkanda UNATAKIWA ulegee. Ndo namna visu vinavyosimama. Zile za klachi ya umeme ni tofauti, zenyewe mkanda unakaa umekazwa muda wote na klachi ndo inakata nguvu. Fundi asiyejua anakuta mashine imezimwa, mkono umerudishwa, anashika mkanda anauona unaning'inia anasema huu umelegea, anakata springi aifanye fupi. Mwingine ndo kavuka mipaka kabisa, kwenye mashine ya shule moja ninayokatia kiwanja nimekuta chuma cha puli kimefungwa na waya wa kufungia nondo ili mkanda ukazwe moja kwa moja. Maana yake unarudisha mkono na visu vinaendelea kuzunguka!! Dereva anajua kazima, anashuka kwenda kutoa jiwe au kuita watoto wapite, chini visu vinakata. Kwenye kiwanja cha SHULE. Hiyo kazi imelipiwa na risiti imeandikwa "kukaza mkanda".

Kwa hiyo wenye maduka, leteni 4L na 5L zenyewe, na mteja akija muulizeni namba ya modeli ya mashine, mara nyingi ipo kwenye stika chini ya kiti, acheni kutupimia kwa mkanda uliokufa. Wadau, mwenye kujua duka lenye hiyo mikanda ya aramidi Iringa, Mafinga au Mwanjelwa pale Mbeya aweke hapa, na kama kuna fundi anayeshusha deki kabla ya kutaja bei tumtaje pia apate kazi.

Na wewe uliyefunga ule waya, kama unasoma hapa, nimeukata na nimemkabidhi mwalimu mkuu mkononi, springi mpya utaileta wewe kwa hela yako, hiyo mashine haiwashwi visu mpaka uje.