Jibu: Mashindano ya bass mtoni na kijana wako

Habari za huko ndugu zangu, hapa Moshi mvua imekatika jana na mlima uko wazi kabisa. Nimesoma swali la dada wa Maryland, Marekani, anayetaka kuingia mashindano ya kuvua samaki anayeitwa bass Mto Potomac na mwanae, nikaona nijibu maana mto huo mimi na shemeji yangu tumeuvua sana kabla sijarudi nyumbani, na ni kitu nakipenda kweli.

Dada, kwenye mashindano ya wawili wawili hamshindani nyinyi, mnajaza kapu moja. Samaki watano, basi, boti nzima. Mkishatimiza watano, akiingia mzito zaidi mnamtoa yule mdogo kuliko wote anarudi majini, kwa hiyo hata kama wewe hujagusa kitu tangu asubuhi, mwanao akivuta mkubwa ni wenu wote, na mimi naona ndo raha yenyewe hiyo. Sasa gaweni kazi mapema, wa mbele anashika ile mota ndogo ya umeme boti isibebwe na maji, na huyo huyo ndo anarusha wa kwanza. Mbele mpe kijana. Watu wengi wanamweka mtoto nyuma anarusha pale pale ambapo mkubwa ameshapitisha chambo, hapati kitu siku nzima halafu wanasema mtoto hapendi uvuvi, si kweli.

Kuanzia jiji la Washington kushuka chini Potomac inapwa na kujaa kama bahari ya Tanga. Maji yakijaa bass anazama ndani ya majani, yakianza kupwa anasogea ukingoni mwa hayo majani kusubiri visamaki vinavyotolewa na maji, basi hapo pitisha chambo pembezoni taratibu. Saa za kupwa ziangalieni usiku wa kuamkia mashindano mpange mnaanzia wapi. Mkiwa sehemu ya juu ya mto kwenye mawe, yule ni smallmouth, aina ya bass mwenye mdomo mdogo, mtafute nyuma ya jiwe maji yalipotulia, rusha upande maji yanakotokea mkondo ukushushie chambo.

Samaki wafike mizani wazima maana wakishapimwa wanarudishwa majini, akifa mnakatwa uzito. Wazee wangu hapa waliozoea perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu hawaelewi kabisa samaki mzuri hivyo anarudishwaje, ila Ray Scott, mwandaaji wa mashindano ya bass huko Marekani, aliingiza utaratibu huo kwenye mashindano yake mwaka 1972 na wengine wakafuata, ndo maana mito ile bado ina samaki. Kwa hiyo pampu ya tangi la kuwekea samaki botini izunguke muda wote, na joto la Julai la huko wekeni barafu, lakini iwe ndani ya chupa iliyofungwa maana ya maji ya bomba ina klorini. Samaki mkubwa usimning'inize kwa mdomo tu, mkono wa pili umbebe tumbo, na mikono iwe imelowa.

Leseni soma vizuri, mto unapakana na Maryland, Virginia, West Virginia na Washington. Laifu jaketi mvae wote. Kamba ya kuzimia injini dereva ajifunge, hiyo ni sheria ya Marekani tangu Aprili 2021 kwa boti za chini ya futi 26.

Kaka wa Virginia uliyeuliza chambo hai, mashindano mengi hawaruhusu, ni bandia tu. Dada ukipata tarehe niandikie, nikutumie rangi za chambo tulizokuwa tunatumia maji yakiwa na tope.