Mdogo wangu anataka "kilimo chenye hela": Kizimbani, karafuu za babu, mwani au tungule (nyanya) za hoteli?

Mtoto wa Mtambwe
Assalaam alaykum. Nna mdogo wangu wa miaka 20, kamaliza kidato cha sita mwaka jana, kasoma baiolojia na kemia, matokeo ya wastani. Yupo nyumbani Pemba, anabeba zege akipata. Sasa kasema anataka kuingia kilimo. Nikimuuliza kilimo kipi, jibu lake "chenye hela". Tumekwama hapo.

Alichonacho: mikarafuu kama 40 ya marehemu babu (bado haijagawiwa, tuko warithi saba), shamba la eka moja karibu na mto, na shangazi yetu Jambiani, Unguja, analima mwani. Mama anataka aende chuo cha kilimo cha Kizimbani akasome, apate cheti na kazi ya serikali. Baba anasema mtu hasomei jembe.

Naomba mnaofanya hizi kazi mnilinganishie. Nataka hesabu, nasaha nnazo za kutosha.

Kizimbani Zamani
Waalaykumu ssalaam. Mie nimesoma Kizimbani kabla hakijaingia SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), sasa ni bwana shamba, kwa hiyo nna upande wangu, ujue hilo.

Baba yako anadhani pale wanafundisha kushika jembe. Nilichojifunza mie ni kuangalia jani la ndizi na kujua kama ni ugonjwa, mdudu au udongo una njaa. Nikajifunza kupima maji ya umwagiliaji, kupandikiza michungwa, kuweka hesabu za shamba. Ukitoka hapo unaweza kuwa ofisa ugani, msaidizi wa watafiti, fundi wa umwagiliaji wa matone, mkaguzi wa mimea bandarini, muuzaji wa pembejeo anayejua anachouza (hawa ni wachache mno, na wengine wanauza dawa ya magugu kama dawa ya wadudu, Mungu atuhifadhi).

Ila mama naye aambiwe: cheti hakina kazi ya serikali ndani yake. Mie nilikaa miaka mitatu bila ya ajira. Kilichoniweka mjini ni miche ya mipapai niliyokuwa nikiuza nyuma ya nyumba.

Mchuma Karafuu
Wa Mtambwe mwenzangu! Nianze na mikarafuu 40, maana naona watu wakisikia karafuu wanaona gari.

Mkarafuu wa kawaida ukizaa vizuri hukupa kilo tatu, nne za karafuu kavu. Mingine ya babu itakuwa mikongwe, mingine imeshakufa kilele. Chukua kilo 120 kwa msimu mzuri. Bei ya ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu) daraja la kwanza ilikaa kwenye shilingi 14,000 kwa miaka, basi tumia hiyo: 1,680,000. Toa wachumaji, wanaolipwa kwa pishi na hawapandi juu kwa bei ya jana. Toa kupalilia, ngazi, majamvi, na mtu wa kulala shamba usiku. Kilichobaki gawa kwa saba, na ndugu wa kike mkimkumbuka. Halafu mwaka unaofuata mkarafuu unapumzika, kwa sababu hauzai sawasawa kila mwaka.

Na kazi yenyewe aijue. Ukishachuma unachambua usiku huo huo, konyo (vikonyo vyake) huku, karafuu huku, vidole vinanata mafuta mpaka ukila wali unanuka karafuu. Asubuhi unaanika. Jua likiwa kali siku nne inavunjika "ta!" kwenye kucha. Mvua ikikukuta huna turubai, inapauka, daraja limekwenda. Makonyo usitupe, yanauzwa, yanakwenda kukamuliwa mafuta kiwandani pale Wawi.

Kupanda mipya ni vizuri, apande hata leo. Lakini mche unataka miaka sita, saba hivi kabla ya kukupa cha maana. Huyo kijana atakula nini mpaka hapo?

Bi Mwani
Mwanangu, na mie niseme. Mwani ulianza huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989, mama yangu alikuwamo. Faida yake ni moja: haukungojeshi. Unafunga mbegu leo kwa taitai (vikamba vidogo), baada ya wiki sita unavuna. Hutaki shamba la urithi wala kuulizwa na warithi. Unataka vigingi, kamba na mgongo.

Hasara sasa. Kazi inafuata bamvua (siku za maji kujaa sana na kutoka sana), maji yakitoka na wewe unatoka. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, huku kwenye maji mafupi imetushinda; maji yanapata moto, mwani unageuka mweupe, unakatika. Tumebaki na aina nyingine, spinosamu, nayo bei yake ni ya kukutia huruma. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake walitufundisha kulima maji ya kina kwa nyavu, kotonii inakubali kule, lakini inataka boti na kujua kuogelea, na sie wanawake wengi hatukufundishwa kuogelea. Kijana wa kiume wa Pemba anayejua chombo, hapo ana nafasi kuliko mie.

Tena asiuze mkavu tu. Waliofanikiwa hapa kijijini ni wale waliosaga unga na kupika sabuni.

Tungule Bambi
Nami nimelima tungule misimu mitano, tatu nimepata, mbili nimelia.

Eka moja karibu na mto ni mali kuliko hiyo mikarafuu, msiiuze. Wiki nne kitaluni, miezi miwili na kitu shambani, unaanza kuchuma. Adui yako wa kwanza kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda: unaona mstari mweupe kwenye jani Jumatatu, Ijumaa shamba kama limepigwa moto. Usipopita mstari kwa mstari kila asubuhi, usilime tungule.

Adui wa pili ni hoteli. Kuna moja sitoitaja, ilichukua mzigo wangu wa wiki tano na kunilipa baada ya miezi miwili na nusu. Mbegu za msimu uliofuata nilikopa kwa shemeji. Siku hizi nusu hoteli, nusu soko la Mwanakwerekwe, sokoni nalipwa pale pale hata kama dalali kanikata.

La tatu hawalisemi chuoni: jifunze kalenda mbili. Masika na vuli zinakwambia lini upande, Ramadhani inakwambia lini uuze. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hesabu ya mwaka juzi haikufai. Muhogo wa futari uupande miezi tisa kabla, si ukisikia Shaaban imeandama. Mwaka 2030 Ramadhani zitakuwa mbili, Januari na mwisho wa Disemba. Mie nshaandika ukutani.

Jikoni Nungwi
Nanunua mboga za hoteli, nisikilizeni kabla hamjanitukana. Mie sitaki tungule nzuri sana. Nataka kilo 40 Jumatatu, kilo 40 Alkhamisi, ukubwa mmoja, na risiti ya ZRA (mamlaka ya mapato). Mkulima ananiletea 90 wiki hii, wiki ijayo simu haipokewi. Ndo maana boti kutoka bara inanifaa. Na tungule anazo kila mtu. Aniletee kotmiri (giligilani), saladi na mrehani wa pizza, bei nitamsikiliza.

Malipo kuchelewa ni kweli. Muulize mhasibu, si mpishi, kabla ya kupeleka mzigo wa kwanza.

Mtoto wa Mtambwe
Ahsanteni, nimemsomea mama kwa sauti. Hesabu ya karafuu kwa saba imemnyamazisha kidogo.

Sasa naona ni suala la muda wa kungoja: mwani wiki sita, tungule miezi mitatu na kitu, chuo miaka, mkarafuu miaka saba. Anaweza kuchanganya? Na kuna kazi gani ya kilimo isiyo jembe wala ofisi ya serikali? Maana ukweli kijana anapenda simu kuliko udongo.

Kizimbani Zamani
Ipo, na watu hawaijui. Wanaosafirisha pilipili manga, manjano na mdalasini wa kilimo hai wanahitaji wakaguzi wa ndani. Unazunguka kwa wakulima, unachora ramani ya kila shamba kwa simu, unaandika nani kapanda nini, jirani kapiga dawa gani, kilo ngapi zimetoka. Daftari likiwa na uongo, cheti cha kikundi kizima kinaanguka. Kijana mwenye kemia kichwani na anayependa simu, hiyo kazi imekaa kama kofia yake.

Kuchanganya anaweza, ila asianze vinne. Mboga na chuo vinakwenda pamoja kama kuna mtu nyumbani wa kumwagia.

Mchuma Karafuu
Na hiyo mirathi mwiteni sheha na kadhi mapema. Miti isiyo na mwenyewe haipaliliwi na mtu, inachumwa na kila mtu.

Mtoto wa Mtambwe
Tumekubaliana hivi. Anaomba Kizimbani mwaka huu. Mpaka wajibu, analima robo eka ya kotmiri na saladi, tungule mistari miwili tu ya kujifunza kumjua huyo kantangaze. Miche 20 ya mikarafuu anaipanda kwenye hiyo eka, mpakani. Baba kasema atamwagia, kwa sharti isiitwe "miradi".

Bi Mwani, bamvua ijayo namleta Jambiani kwa shangazi, akione kilimo cha baharini kwa macho yake. Aje na viatu gani?

Bi Mwani
Viatu vya plastiki vya kufunga, urchini, wale viumbe wa bahari wenye miiba, wapo wengi, wanachoma. Na alale mapema, simuamshi mara mbili.