Tuliolelewa na baba injinia wa reli, tukutane hapa

Kitinda_wa_Sita: Wakuu, juzi tumemaliza arobaini ya mzee. Kwenye sanduku lake la bati nimekuta madaftari 14 ya kazi, mawili mchwa wameshayaonja. Mbele vipimo vya tuta, karavati, mataruma yaliyooza. Ukigeuza nyuma ni urefu wetu sisi watoto, kila Januari, kwa milimita! Januari 1983 nilikuwa 1,104. Kaka anataka tuwauzie wauza karanga wafungie. Nyie mlifanyaje? Tupeane uzoefu, hasa watoto wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Mwanamlimba: Daah, umenipeleka mbali. Wangu alinifundishia rula pale Kidatu. Alinikamata vidole vinne: "Hivi hapa, milimita 67. Reli yetu ina upana wa 1,067, ya kati 1,000. Kwa sababu ya vidole hivi mzigo wote unashushwa na kupakiwa upya."

Bwana_Karavati: Kamba hizo. Kabla ya SGR, hii reli mpya ya kisasa, reli zote nchini zilikuwa upana mmoja.

Mwanamlimba: Mkuu, ya kati kajenga Mjerumani, ya mita moja. TAZARA ya Mchina ilibidi ilingane na ya Zambia, la sivyo behewa lingeishia Kapiri Mposhi, huko Zambia zinapokutana. Tembea uone.

Taa_ya_Chemli: Mimi niseme la kwangu. 1998, mvua za El Niño, nipo darasa la tano, tunakaa kambi ya milimani. Mama kashikwa uchungu, mkunga anasema mtoto kakaa vibaya, barabara hakuna. Mzee yuko mbali huko, tuta limeliwa na maji. Nikakimbia kwa stesheni masta, akazungusha simu. Saa nane usiku tukasikia kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Mzee kashuka, matope hadi kifuani, hata salamu hakutoa. Aling'oa mlango wa chumba chetu, akamlaza mama juu yake, wakaufunga kamba kwenye kiberenge. Mimi nikapewa chemli. Basi kila daraja anasimamisha, anashuka, analikagua kwa miguu hadi ng'ambo, anarudi, ndipo tunavuka. Madaraja saba! Mama analia "twende baba, twende", yeye anajibu, "Nikiharakisha nitawaua wote." Usiku ule nilimchukia. Mdogo wangu kazaliwa alfajiri. Mzee mikono imejaa grisi, akamgusa kwa kiwiko tu, akarudi kwenye tuta. Mlango haukurudi, tulilalia pazia mwaka mzima.

Mama_Pacha: Nalia niko kwenye daladala.

Bwana_Karavati: Huyo atakuwa nyapara wa genge. Injinia haendeshi kiberenge.

Taa_ya_Chemli: Wapi nimesema aliendesha? Soma vizuri.

Mwanamlimba: Huyo mtoto yupo?

Taa_ya_Chemli: Yupo, ni nesi. Treni hapandi.

Asiyesahau: Hongereni. Wangu aliipenda reli kuliko sisi. Krismasi nilizokula naye ni mbili.

Mama_Pacha: Pole mwaya. Mleta mada, piga picha kila ukurasa, kisha funga kwenye nailoni.

Asiyesahau: Nailoni itayavundisha. Weka majani ya mwarobaini.

Bwana_Karavati: Mpe kaka moja auze, ale karanga, atulie.

Kitinda_wa_Sita: Kaka kapita jioni hii "kusalimia". Kaondoka na la 1979, lenye urefu wake, kalificha ndani ya koti. Sijamsemesha. Huo mwarobaini, mabichi au makavu?